Gari la Mjomba Lilivyotoka Jandoni

Nianze kwa kukiri kabisa: hadithi hii inanionyesha mimi mjinga, tena mjinga mwenye mdomo, ambaye ni mbaya kuliko mjinga wa kawaida. Ningeweza kuwapa ile ya basi nililolipaka likang'aa mpaka majogoo wakawa wanapigana na vivuli vyao ubavuni. Lakini ile nimeshaitia chumvi miaka mingi, hata mimi sijui tena kipi kilitokea. Hii sijaitia chumvi. Hii imetiwa unga, na mtaona wenyewe.

Ninyi vijana mnaopaka rangi siku hizi nawaona. Mnawasha mashine, mnabonyeza, fyuuu, gari limekwisha. Mvua inyeshe, vumbi litimke, hamna habari, mko ndani na milango imefungwa. Sisi tulipaka gari nyumbani, uani, kuku wanapita chini ya bampa na mama mzazi anauliza mtaondoka lini atwange. Na wakati ule alikuwa bado anatawala Mwingereza, bendera haijabadilika. Gari lenyewe ukiliona Newala unaita wenzako waje kulitazama.

Kazi nilijifunzia Masasi, kwenye gereji ya Mhindi mmoja, mikononi mwa Fundi Issa. Fundi Issa alikuwa Myao, mfupi, amevaa kaptura moja yenye rangi za magari yote aliyowahi kupaka. Ukitaka kujua lori fulani lilikuwa rangi gani miaka mitano nyuma, unatazama kaptura. Alikuwa anatembea kama bata, visigino ndani, vidole nje. Mimi nilikuwa naigiza huo mwendo mpaka watu wanashika mbavu. Yeye mwenyewe hajawahi kuniona. Ndivyo nilivyodhani.

Maneno yake yalikuwa machache. Ukikosea, anasema. Ukipatia, ananyamaza. Nilikaa kwake mwaka mzima sikuwahi kupata ukimya hata mara moja.

Pale gereji kulikuwa na bomba la kupulizia rangi, moja tu, na hakuna aliyeligusa isipokuwa Fundi. Mimi kazi yangu ilikuwa kusugua kwa msasa na kuosha brashi. Kusugua na kuosha, kusugua na kuosha, vidole vimekuwa kama vya mzee. Sasa kifua cha Fundi kikaanza kumsumbua kwa ule mvuke wa rangi, akawa anakohoa mpaka anakaa chini. Siku moja akaniita.

"Kosmasi."

"Naam, Fundi."

"Namtafuta mtu wa kushika bomba. Kuna kijana yuko Lindi, wanasema anajua kazi."

"Na mimi je, Fundi?"

"Wewe unajua kuchekesha."

Neno hilo liliniuma. Akakohoa, halafu akasema, "Kwenu Newala si kuna gari la mjomba wako? Nenda kalipake. Peke yako, kwa brashi, bila mkono wangu. Jumamosi ya wiki ijayo nitapanda lori nije nilitazame. Likinipendeza, bomba lako. Lisiponipendeza, namwandikia yule wa Lindi, na wewe utaosha brashi zake."

Hapo ndipo mambo yalipokuwa. Bomba, au kuosha brashi za mtu wa Lindi.

Mjomba Yohana, kaka yake mama, alikuwa na kigari alichonunua kwa mzungu mmoja wa ule mradi wa serikali wa kulima karanga kule Nachingwea, siku zile mradi ulipokufa na wazungu wa karanga wakafunga virago. Kilikuwa kijivu, madigadi yameliwa na kutu. Kwetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye neno juu yako, baba anafuata nyuma. Na mjomba huyu hakuwa mtu wa kucheka. Aliposikia ombi langu alinitazama sana.

"Nataka kijani," akasema. "Na ukiliharibu, usiniite mjomba tena."

Fundi alikuwa amenifungia rangi, praima ya kutangulia chini ya rangi, msasa, na chupa moja ya tapentaini ya kulainishia rangi. Akaniambia, "Hii chupa ishike kama yai." Nikapanda lori la Newala, juu ya magunia ya chumvi. Abiria walikuwa wamenuna kwa baridi, nikaona niwachangamshe. Nikasimama juu ya magunia, nikaigiza ule mwendo wa bata. Wakacheka kweli! Lori likakata kona ya kupandia mlimani, mimi nikaangukia huku, chupa kule. Shingo ya chupa ikavunjika, tapentaini yote ikaingia kwenye gunia la chumvi la bwana mmoja, ambaye alinitukana kutoka pale mpaka sokoni Newala bila kurudia tusi. Kwenye kitako cha chupa ilibaki kidogo, kama ya kujaza kikombe cha kahawa.

Nisimame hapo kidogo, maana kuna la kujifunza. Rangi ya kopo ni nzito kama uji wa mgonjwa. Ukiipaka hivyo hivyo, brashi inaacha mistari kama shamba lililolimwa. Lazima uilainishe, na cha kuilainisha ni tapentaini, ambayo inaruka na kuiacha rangi ikauke. Mafuta ya taa nayo yanailainisha, tena vizuri ajabu, lakini hayaruki. Yanakaa humo humo ndani kama mgeni asiyeaga. Fundi Issa aliniambia hilo wiki ya kwanza kabisa: mafuta ya taa ni ya taa. Kwa hiyo nisiwadanganye kwamba sikujua.

Basi. Mjomba alikuwa na banda la kuwekea korosho, kuta za fito na udongo, paa la nyasi. Tukaliingiza gari humo. Paa la nyasi linadondosha vumbi usiku na mchana, kwa hiyo nilitandaza mashuka chini ya paa, nikayafunga pembe kwenye nguzo. Chini ni mchanga mwekundu wa kwetu, ukipiga chafya unatimka. Dawa yake ni kunyunyiza maji. Na hapo ndipo nilipokutana na mama yangu.

Newala maji hayapo juu. Maji yako bondeni, na bonde liko mbali, na kupanda ni kwa miguu na debe kichwani.

"Mama, naomba maji ya kumwaga chini."

Mama alikuwa anachambua mboga. Akasimamisha mkono. "Ya kumwaga wapi?"

"Chini, bandani. Vumbi lilale."

"Vumbi lilale! Kosmasi, mimi nimeshuka bondeni jogoo hajawika, nimepanda shingo imeingia mabegani, vumbi lilale? Mimi mwenyewe nitalala lini?"

"Kidogo tu, Mama."

"Huko Masasi wanakufundisha kazi au wanakufundisha wazimu?"

Alinipa nusu debe, na macho yake yalinifuata mpaka mlangoni. Kwa hiyo nilijifunza jambo ambalo mafundi wa Masasi hawakulijua. Maji ya kusugulia nilikuwa nayakinga chini kwa beseni, nayachuja kwa kitambaa, nayatumia tena. Nusu debe lile lilisugua gari zima na bado likabaki la kunyunyiza. Siku hizi mna bomba la maji, mnaacha linamwagika huku mnachati. Mama yangu angewachapa.

Nilisugua siku tatu. Kujua kama pamesuguka, usitazame, jicho linakubembeleza. Funga macho, pitisha kiganja. Kiganja hakina urafiki na mtu. Nikaziba mashimo kwa puti, nikapaka praima, ikakauka vizuri. Jumatano nikaanza rangi. Fundi alinifundisha uanze na kingo za ndani za milango, mahali ambapo hakuna anayepatazama. Ile tapentaini ya kitako cha chupa ikatosha hapo tu, milango miwili kwa ndani. Baada ya hapo chupa kavu, gari zima linanisubiri, na Jumamosi inakuja.

Juu ya kigogo palikuwa na koroboi, ile taa ya kopo, imejaa mafuta. Niliitazama ile koroboi, nayo ikanitazama.

Vijana, nilimimina. Rangi ikalainika, brashi ikateleza kama inacheza ngoma. Boneti, madigadi, milango kwa nje, mpaka nyuma. Alhamisi nikaongeza mkono wa pili wa rangi. Lilikuwa linang'aa! Nilijisifu mwenyewe kwa sauti, hakukuwa na mtu mwingine wa kunisifu.

Hakukuwa na mtu kwa sababu nilikuwa nimewafukuza wote. Unajua watu wa kwetu, gari likiingia bandani kila mmoja anataka kuchungulia, anaingia na vumbi lake miguuni. Nikaona niwatanie. Wanawake wa jirani walipofika mlangoni nikawaambia, "Jamani, hapa hapachunguliwi. Gari liko likumbi."

Likumbi ni kile kibanda cha jandoni, wanamokaa vijana waliotahiriwa, mmoja mwali, wengi wali, mpaka siku yao ya kutoka. Mwanamke hakisogelei. Wakapiga kelele, wakacheka, wakakimbia kweli kweli. Nikaona dawa imefanya kazi. Hata Mama akawa anaacha chakula changu njiani, anaita kwa mbali, "Chakula cha mwali hicho!"

Bibi yangu, mama yake mama na Mjomba, aliitwa Agnesi. Alibatizwa angali mtoto, Jumapili hakosi kanisani, na unga wake wa mtama wa kuombea heri nao haukosi nyumbani. Kwake vitu hivyo viwili havikuwahi kugombana. Ijumaa akaja akasimama mbali, ameupa mgongo mlango kwa adabu.

"Mjukuu wangu, mwali hajambo?"

"Hajambo, Bibi. Amenenepa."

"Anatoka lini?"

"Kesho, Bibi, jua likishapanda."

"Haya," akasema, akaenda zake.

Mimi nilijua tunataniana.

Ijumaa ile ile jioni niligusa rangi kwa ncha ya kidole. Inanata. Nikasema ni ukungu, maana miezi ile ya baridi Newala ukungu unaingia mpaka kitandani. Jumamosi asubuhi nikagusa tena. Inanata kama ulimbo wa kutegea ndege. Fundi yuko njiani. Nikawaza: nilitoe juani, saa moja, saa mbili, litakauka kabla lori halijafika. Nikamwita Mjomba, naye akaja, akaona kijani kile, na uso wake ukafanya kitu ambacho kwa mtu mwingine ungekiita tabasamu.

"Sukuma huku kwenye chesisi, Mjomba. Usiguse bodi."

Tukasukuma. Pua ya gari ikatokeza nje, jua likaipiga, na mara nikasikia vigelegele.

Walitokea nyuma ya nyumba, wanawake kama kumi, wanaimba ule wimbo wa kupokea wali, wanapiga makofi. Mbele yupo Bibi Agnesi amejifunga khanga mpya, mkononi ungo, na ungo umejaa unga wa mtama. Maana kwetu mwali akitoka hupokewa kwa unga, ukimwagwa kichwani ndiyo heri yenyewe.

"Bibi! Ngoja! Bibi, bado—"

Hakunisikia. Nani angenisikia kwenye vigelegele vile? Konzi la kwanza la unga likaenda kwenye boneti. La pili juu ya paa. Wengine nao wakachota ungoni. Na upepo wa kwetu, ambao wiki nzima haukuvuma, ukaona leo ndiyo siku yake. Ukauchukua ule unga ukautandaza gari zima, kuanzia taa mpaka namba ya nyuma.

Wimbo ukafa kidogo kidogo. Gari lilikuwa kama kisamvu kilichotiwa nazi.

"Mama!" Mjomba akapiga kelele. Sikuwahi kumsikia akimpigia mama yake kelele. "Umelifanya nini gari langu?"

"Si limetoka?" Bibi akasema. Akasogea, akavua khanga ya begani, akaanza kufuta boneti. Khanga ikanata. Akaivuta, ikatoka, maua yake yakabaki kwenye boneti. Bibi akatazama mikono yake, kijani mpaka kwenye vifundo.

Na kama mliwahi kujiuliza lori la Masasi lilikuwa linafika saa ngapi, lilikuwa linafika saa hiyo.

Fundi Issa akashuka na kikapu chake, akaja kwa ule mwendo wa bata. Akasimama. Akamwamkia Bibi kwanza. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu," kwa sauti ndogo.

Akalizunguka gari mara moja, polepole. "Hii rangi inaitwaje?"

"Kisamvu cha nazi, Fundi," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu utani wangu kuanguka chini ukavunjika kama ile chupa.

Bibi akajitokeza. "Mwanangu, kosa ni langu. Mtoto kapaka vizuri, mimi kizee nimekuja na unga wangu wa kupokea mwali akitoka jandoni, nimeharibu. Usimnyime kazi."

"Ni kweli, Fundi," Mjomba akasema, "mama yetu ndiye aliyeliharibu."

Sasa nisikilizeni vizuri. Hapo nilikuwa nimefunguliwa mlango mpana. Nilichotakiwa ni kunyamaza tu na kuinamisha kichwa. Bibi angebeba lawama, bomba lingekuwa langu, na nani angejua? Unga ulifunika kila kitu.

Fundi akanigeukia. "Ni unga?"

Nikamtazama Bibi. Unga umemkaa kwenye kope. Ameficha mikono yake ya kijani nyuma kama mtoto aliyeiba sukari.

"Si unga, Fundi," nikasema. "Rangi ingekauka, unga ungepanguswa kwa ufagio. Nilitia mafuta ya taa."

"Najua. Nimenusa tangu barabarani." Akakohoa. "Na tapentaini?"

"Chupa ilivunjika."

"Ilivunjikaje?"

"Nilianguka kwenye lori. Nilikuwa nimesimama juu ya magunia."

"Ulikuwa unafanya nini juu ya magunia?"

"Nilikuwa nakuigiza wewe, Fundi. Unavyotembea."

Mjomba akajifunika uso kwa mkono. Wale wanawake wote wakatazama chini, kwenye miguu ya Fundi, halafu haraka wakatazama juu.

Fundi akasema, "Na hiyo habari ya kutoka jandoni?"

"Ni mimi nilimwambia Bibi gari liko likumbi. Kwa utani. Yeye hana kosa hata moja."

Akaenda mpaka kwenye gari, akafungua mlango wa dereva kwa kidole kimoja. Akapitisha dole gumba kwenye ukingo wa ndani, pale pasipotazamwa, pale pa tapentaini ya kitako cha chupa. Pamekauka, panateleza kama yai. Akafunga macho, akapitisha kiganja juu mpaka chini. Akaenda mlango wa pili, akafanya vile vile.

Nikangoja aseme kosa. Hakusema kitu.

Akafungua kikapu chake, akatoa chupa ya tapentaini, nzima, akaiweka chini mbele yangu. "Nilijua hutaifikisha," akasema. "Kwangua lote."

Kukwangua rangi mbichi yenye unga, jamani, ni kama kukwangua ukoko wa ugali kwenye sufuria kubwa kama nyumba. Na kusugua upya kunataka maji. Niliogopa hata kumtazama Mama. Lakini Bibi alikuwa ameshapata nguvu zake, akawageukia wale waimbaji wake.

"Mmechota unga, hamkuchota? Basi na maji mtachota. Kila mtu debe moja."

Walinung'unika, lakini walishuka bondeni. Walipopanda walikuwa wanaimba ule ule wimbo wa wali, kwa makusudi, wanikere. Mama yangu alitua debe lake miguuni pangu, akasema, "Haya, lilaze vumbi lako," lakini alikuwa anacheka.

Fundi alikaa kwetu mpaka Jumatano ya pili. Alikalia kinu mlangoni mwa banda, akila ugali wa muhogo wa Bibi, hakugusa brashi hata mara moja. Nilikwangua, nikasugua, nikapaka praima, nikapaka mkono mmoja, nikaacha ukauke. Nikitaka kugusa, anasema "Bado" bila kugeuka. Nikangoja. Katika kazi hii kungoja ndiko kugumu kuliko kupaka, na hakuna mashine mliyonayo leo inayongoja kwa niaba yenu. Halafu mkono wa pili. Huo wa mwisho mpaka sasa nikifumba macho nauhisi kwenye kiganja.

Jumatano tukalitoa nje. Kimya kabisa, mimi na Mjomba tu. Nikamwona Bibi anakuja, mikono nyuma. Niliruka mbele ya boneti nikatanua mikono kama kipa.

"Bibi! Mikono! Nionyeshe mikono!"

Akaitoa. Alikuwa ameshika bakuli lililofunikwa kwa sahani.

"Usiogope, mjukuu wangu," akasema. "Leo nimeshausonga."

Mjomba Yohana akacheka. Kwa sauti, na meno yote. Sikujua kama anayo yote.

Mjomba alitupeleka barabarani na gari lake la kijani, anapiga honi kwa kila mbuzi. Tuliposhuka kungoja lori la Masasi, Fundi alikuwa bado hajanipa jibu, na mimi sikuweza kuvumilia tena.

"Fundi, na yule kijana wa Lindi?"

"Kijana gani?"

Lori likasimama. Fundi akarusha kikapu juu, akapanda kwa ule mwendo wake, akakaa kwenye magunia, akanipa mkono nipande. Nilipokaa akanishika bega, akanikandamiza chini niwe nimekaa kweli kweli.

"Bomba utalishika Jumatatu," akasema. "Na gari la kwanza ukilipaka, usimwambie mtu linatoka lini."